Sumaku ya Kifuani

Jumanne, 3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii imekufikia mkononi, isije ikalala mfukoni mwa dereva wa basi kama ile ya Januari. Mimi sijambo. Hapa kliniki ya moyo mambo ni yale yale: wagonjwa wengi, viti vichache, na daktari ambaye chai yake hupoa kila asubuhi bila kuguswa.

Nina ombi dogo. Tunaandika upya daftari la watu wote waliowekewa kifaa kifuani, na wewe umo, mwaka wa nane huu. Wengine wanakuja wenyewe kupimwa. Wewe uko mbali, nguzo za simu za huko zimelala chini tangu mvua, na hata zingekuwa zimesimama usingenisikia. Miaka arobaini ya kujaribu spika imeshamaliza masikio yako. Kwa hiyo tutapimana kwa barua.

Chukua sumaku moja ya spika ndogo, upana wa kiganja. Keti kwenye kiti. Iweke juu ya ngozi pale kifaa kilipo, chini ya bega la kushoto. Shika mshipa wa mkono, tazama saa, hesabu mapigo ya dakika nzima. Andika namba, ondoa sumaku, basi.

Usishtuke mapigo yakienda haraka. Siku zote kifaa kinausikiliza moyo wako. Ukipiga wenyewe, kinanyamaza. Ukisahau kupiga, kinaukumbusha. Ukikiwekea sumaku juu kinaziba masikio, kinapiga tu kwa mwendo wake, moyo utake usitake. Ukiiondoa, kinarudi kusikiliza. Hapo ndipo naihitaji sumaku, na nani anazo nyingi kukuzidi wewe?

Naamini ile mashine ya kupigia sumaku zilizoishiwa nguvu bado imefunikwa turubai kama ulivyoniahidi. Daktari alisema wazi: ikianza tak, tak, tak, pigo moja kila sekunde, kifaa kinaweza kudhani huo ni moyo wako unapiga, kikanyamaza. Waachie wengine wazitie sumaku nguvu. Wewe gundisha koni za spika zako kwa amani.

Msalimie Shangazi.

Mwanao, muuguzi


Jumapili, 8 Machi

Mwanangu, marahaba.

Waliosoma huanza barua kwa kusema wao wazima na hofu yote iko kwa aliye mbali. Mimi naanza na namba, maana najua ndiyo uliyoitaka: tisini. Nimehesabu mara mbili. Shangazi yako naye alinishika mkono akapata mia na kumi na mbili, lakini yeye alikuwa anahesabu huku anamkemea paka.

Ni kitu cha ajabu, mwanangu. Nilipoiweka ile sumaku, mpangaji wangu huyu wa kifuani akaanza kupiga sawasawa, hachelewi, hasiti, kama fundi aliyeahidiwa chakula cha mchana. Nilikaa nayo zaidi ya ile dakika uliyosema. Nikajisikia kijana. Kwa hiyo kinaziba masikio! Basi mimi na yeye tumekuwa ndugu.

Kazi ipo. Ukumbi mkubwa wa mikutano uliwaka moto jukwaani, wakaniletea spika ishirini na nne. Kwa sura zimepona. Lakini sumaku ikipata joto kali husahau kazi yake, na sasa kila spika inaongea kama mtu mwenye mafua. Koni nagundisha mimi, koili za waya nasuka mimi. Za kupigwa sumaku nampelekea yule fundi wa upande wa pili wa mji, usitie shaka.

Nijibu maswali mawili, ya udadisi tu. La kwanza: sumaku ikiwa juu, masikio ya kifaa yanazibika kabisa, au nusu nusu? La pili: mtu akikaa nayo muda mrefu kidogo, kuna dhara?

Usidhani naogopa. Au basi, dhani, kwa nini nikufiche. Ile siku niliyoanguka, kabla hawajaniwekea kifaa, nilikuwa bado nasikia kidogo. Nilisikia shangazi yako akiniita, na sauti yake ikawa inakwenda mbali, mbali, na mimi niko pale pale sakafuni. Sijawahi kukuambia. Sitaki kurudi pale.

Baba yako


Jumanne, 10 Machi

Baba, shikamoo.

Asante kwa namba. Tisini ni namba nzuri, nimeiandika daftarini. Tafadhali hesabu tena Jumapili ijayo, nasi tutakuwa tumekamilisha safu yako.

Maswali yako: masikio yanazibika kabisa, hakuna nusu. Na dakika moja mbili hazina dhara lolote.

Mwezi ujao ukipata nafasi, panda basi uje unitembelee. Tutakupima hapa hapa, kisha utakula kwangu ulale. Hakuna haraka.

Mwanao


Jumanne, 10 Machi

Shangazi, shikamoo.

Bahasha hii nimeifunga mbali na ile ya Baba, na naomba uisome ukiwa peke yako.

Namba ile ina maana yake. Betri ya kifaa ikiwa nzima, ukiweka sumaku kinapiga mia moja kwa dakika. Ikianza kuchoka, kinapiga tisini. Ikifika themanini na tano, kifaa kinatakiwa kubadilishwa mara moja, wala si jambo la wiki ijayo. Ndivyo kilivyotengenezwa, kijisemee chenyewe.

Baba amepata tisini. Nimemwambia ni nzuri. Nimesema uongo, Shangazi. Unamjua. Nikimwambia betri inakwisha hatalala, hatakula, atakaa akijishika mshipa mchana kutwa, na moyo wenyewe ule haupendi hofu. Kitanda kinapatikana baada ya mwezi. Nilidhani mwezi tunao.

Naogopa. Kila mgonjwa anayeletwa hapa kwa machela naangalia kwanza viatu vyake, kama ni vya Baba. Mwangalie kwa ajili yangu. Akipata kizunguzungu, akishika ukuta, niandikie.

Mwanao


Jumapili, 15 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimeisoma barua yako jikoni, halafu nimeichoma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa wewe unaficha maradhi ya mtu mwingine, sijui hapo nani ataumbuliwa. Lakini nimenyamaza kama ulivyotaka.

Kaka hana kizunguzungu. Tena amechangamka kupita kiasi, anaamka kabla yangu, anapiga mluzi asiousikia mwenyewe. Kuna jambo moja tu. Juzi nilikuwa namkorogea chai, nikainama kumwekea kikombe, kijiko kikaniruka mkononi kikamganda kifuani. Kikaning'inia hapo kwenye shati! Nilipiga kelele hadi paka akatoka mbio. Kaka akacheka machozi. Akafungua vifungo akanionyesha: sumaku ya spika, kajifunga kwa bandeji pale pale penye kifaa. Akasema ndiyo dawa uliyomwandikia, anaivaa kutwa nzima akiwa kazini na anaivua akienda kulala. Nikakibandua kijiko changu. Nani mimi nibishane na hospitali?

Anasema nikuandikie hesabu ya leo kwa sababu mikono yake ina gundi. Nimehesabu mimi, na safari hii nilimfungia paka nje. Themanini na tano. Nikarudia. Themanini na tano.

Nilimwacha na gundi yake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya ndoo.

Shangazi yako


Jumanne, 17 Machi

Baba, shikamoo.

Nisome vizuri, usiruke mstari.

Ondoa sumaku kifuani sasa hivi. Usiirudishe hata kwa dakika moja. Nilikuomba uiweke kwa kuhesabu tu, wewe umeigeuza nguo. Ikiwa hapo kifaa hakipumziki. Kinaupigia moyo hata pale unapopiga wenyewe, kutwa nzima, kazi ya bure, na kinachoka. Sitaki kichoke.

Jumatatu ijayo, tarehe ishirini na tatu, panda basi uje. Si ombi. Kitanda nimekitafuta, nimempigia daktari magoti mbele ya watu. Njoo na Shangazi, na shati moja la kubadilisha. Hadi siku hiyo kaa kwa utulivu.

Usiniulize kwa nini. Nitakueleza ukifika. Wewe ulinifundisha kwamba fundi mwenye waya mkononi ndiye anayesema uwashe au uzime, na wengine wote wanatii. Safari hii waya ninao mimi.

Mwanao


Jumatano, 18 Machi, asubuhi

Mwanangu,

Nimekesha na jambo moja, na sasa nimeona nikuambie kabla hujaambiwa na mwingine.

Yule fundi wa upande wa pili wa mji hayupo. Alihama mwaka jana. Sumaku za ukumbi nazipiga mwenyewe, kwenye mashine yangu, tangu Alhamisi ya tarehe kumi na mbili.

Kabla hujarusha kalamu, sikiliza. Sikukurupuka. Wewe mwenyewe uliandika kwamba sumaku inakiziba kifaa masikio. Nikakaa nikafikiri. Ubaya wa mashine ni nini? Ni kwamba mpangaji wangu anasikia tak, tak, tak, anadhani ni moyo. Sasa akiwa hasikii? Sumaku iliyotulia inamziba, ile inayopigapiga inamkosa. Nikajifunga moja kwa bandeji, nikakuuliza kama anazibika kabisa, ukajibu kabisa. Nilifurahi kama nimepata cheti.

Siku ya kwanza niliogopa sana. Niliwasha mashine huku nimeshika meza, na Shangazi yako kasimama mlangoni, nimemwambia wewe unajua. Usimlaumu. Tak ya kwanza, nikangoja. Tak ya pili. Miguu ilikuwa yangu, macho yalikuwa yangu. Nikapiga sumaku mbili nikazima, nikakaa chini nikalia. Sijui kwa nini nililia. Nadhani ni kwa sababu miaka minane nilikuwa napita mbele ya lile turubai kama mtu anayepita mbele ya kaburi lake mwenyewe.

Hadi leo sijapata hata kizunguzungu. Zimebaki spika nane. Kesho Alhamisi nazimaliza, halafu mashine inarudi chini ya turubai, na hiyo ni ahadi ya kweli, si kama ile.

Barua hii nitampa dereva jioni akifika, aondoke nayo alfajiri. Kama ana yako, nitaisoma hapo hapo.

Nisamehe.

Baba yako


Alhamisi, 19 Machi, saa moja jioni

Baba,

Dereva amenipa barua yako sasa hivi, nimesimama stendi kati ya mizigo ya watu. Nimeisoma mara moja, sikuweza mara ya pili.

Na yangu ulishaipata jana. Nilimuuliza dereva. Akasema ndiyo, mzee aliisoma pale pale, akaikunja, akafungua vifungo vya shati, akatoa kitu kizito akakitia mfukoni, akaenda zake.

Umenitii. Baba, kwa nini leo ndiyo umenitii!

Sikujua kuhusu mashine. Ningejua, nisingekuambia uivue. Ningekuambia usiiguse mashine, halafu ndiyo uivue. Ulichofikiri kilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniua. Ile sumaku iliyotulia ilikuwa inakukinga na ile inayopiga. Ilikuwa pia inakula betri, nami nikaona betri tu. Sasa kifaa kimezibuliwa masikio. Ukiwasha mashine kitasikia tak, kitasema huyu anapiga, mwache. Tak nyingine, mwache. Na wewe ndani hupigi. Kuna wakati moyo wako hupiga wenyewe, lakini ukisita hauanzi tena bila kusukumwa, Baba. Niliona kwenye karatasi zako. Hilo pia sikukuambia.

Umeandika kwamba ni leo Alhamisi. Leo imeshapita.

Simu hakuna. Basi la kuja huko ni Jumamosi. Nimempata mwenye lori la saruji anayeondoka alfajiri, amekubali nikae mbele. Barua hii naibeba mwenyewe. Ukiwa hai nitakupa mkononi uisome, maana hata nikifika nikapiga kelele mlangoni hutanisikia. Naiandika kwa sababu nikiacha kuandika nitaanza kufikiri.

Mwanao


Ijumaa, 20 Machi, asubuhi

Mwanangu,

Naandika nikiwa benchi la zahanati. Nitampa yeyote anayekuja huko. Na kama utafika mwenyewe kabla haijaondoka, isome tu usiniulize, maana haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Kaka yuko hai. Nimeanza na hilo usije ukaanguka na wewe.

Jana asubuhi alivaa shati, sumaku kaiweka rafu ya juu karibu na makopo ya gundi. Nikamwonyesha kwa mkono: hii vipi? Akasema, mwanangu kasema nivue, na mwanangu ndiye anayejua. Nikamwonyesha mashine. Akasema, mashine hakuitaja, angeitaja kama ingekuwa na neno. Akanionyesha barua yako. Kweli hukuitaja. Nami nilidhani unajua.

Akawasha. Mimi nilikuwa dirishani nachambua mchele. Tak, tak, tak. Sumaku ya kwanza ikapita, maana hiyo aliipiga kwa mapigo mawili matatu tu. Ya pili ilikuwa ya spika kubwa, inataka muda. Nikasikia kishindo. Nimegeuka, kaka yuko chini, kalala ubavu, kifua kimeegemea sanduku la mashine, macho wazi. Na mashine inaendelea, tak, tak, haina habari.

Mwanangu, kuna uso wa mtu aliyezimia na kuna uso mwingine. Nilimzika mume wangu, naujua ule mwingine. Midomo ilikuwa imeshabadilika rangi. Nikamshika mkono kutafuta mshipa, hamna. Nikamwita. Namwita kiziwi! Nikamwita jina la utotoni, lile ambalo mama pekee ndiye aliyelitumia.

Sikufikiri juu ya kukata umeme, kusema kweli. Nilichofikiri ni kwamba mtu huyu wiki nzima alikuwa mzima na dawa yake kifuani, na leo kaivua kaanguka. Nikapanda juu ya kiti, nikaiangusha ile sumaku pamoja na makopo mawili, nikamlaza chali, nikambandika pale pale penye kovu kwa mkono wangu, nikakandamiza. Wewe ulisema hata dakika moja isirudi. Nilikuasi. Nilisema moyoni, akifa atakufa kwa kosa langu, si kwa barua ya mtoto.

Akapiga. Niliona shingoni kwanza. Mara moja, halafu nyingine, sawasawa, huku mashine nayo inapiga yake pembeni, kila mmoja na wimbo wake. Akavuta pumzi kwa sauti ya mlango wenye kutu. Akanitazama akasema, mbona umemwaga gundi?

Ndipo nikang'oa waya ukutani, na kipande cha ukuta kikaja nao.

Hapa zahanati wanasema apumzike. Sumaku wameiweka kwenye sahani kando ya kitanda, hawajui waifanye nini. Nami sijui. Njoo.

Shangazi yako


Jumanne, 24 Machi. Karatasi tulizopeana kitandani, wodi ya moyo, nimezihifadhi zote kwa mpangilio wake.

[Baba]
Usinipungie mikono, sioni unachosema, na hiyo midomo yako unaitafuna. Andika. Nimesoma barua ya lori. Sasa nijibu: ile tisini ilikuwa na maana gani?

[Mimi]
Betri kuchoka. Themanini na tano ni betri kwisha. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Shangazi alijua.

[Baba]
Ningejua, nisingejifunga sumaku kutwa nzima.

[Mimi]
Nami ningejua mashine inafanya kazi, nisingekuambia uivue.

[Baba]
Kwa hiyo wewe ulinificha usinitie hofu, mimi nikakuficha nisikutie hofu, na aliyeniokoa ni yule asiyejua kuhesabu mapigo. Usimwonyeshe mstari huu.

[Mimi]
Ameshauona. Amesimama nyuma yangu.

[Baba]
Sasa swali. Ukijibu kwa kalamu ile ya "namba nzuri", sitapanda kile kitanda chenye magurudumu, nitarudi nyumbani kwa miguu. Wakibadilisha kifaa, hapo katikati, cha zamani kimetoka na kipya hakijaingia, nani ananipigia moyo?

[Mimi]
Wanapitisha waya wa muda kwenye mshipa, unashikilia hadi kipya kiunganishwe. Mara nyingi unashika.

[Baba]
Mara nyingi.

[Mimi]
Si mara zote. Unaweza kuhama ukikohoa, ukitikisika. Ukihama, kuna sekunde kadhaa ambazo hakuna anayekupigia. Daktari ana mkono mwepesi. Nimeshaona ikienda vizuri mara nyingi, na mwaka jana niliona mara moja ikienda vibaya. Nitakuwa chumbani, kwenye miguu yako. Ninaogopa, Baba. Ninaogopa kuliko jana, na jana niliogopa kuliko siku ya lori.

[Baba]
Hapo sasa. Hiyo ndiyo barua yako ya kwanza tangu uanze kazi hapa. Mimi pia naogopa, mwanangu. Niliogopa nilipowasha mashine na nilipoizima, nikajitia mluzi. Nilipoanguka safari hii sikusikia sauti ikienda mbali, kwa sababu sisikii tena. Palikuwa kimya tu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nishike kidole gumba cha mguu, nijue uko hapo. Usikiachie hata wakikufukuza.

Haya, waite.


Jumapili, 5 Aprili

Mwanangu,

Tumefika salama. Shangazi yako alikaa kati yangu na kila abiria mwenye simu au redio, hata mtu mwenye funguo nyingi alihamishwa kiti.

Namba: mia moja. Nimeweka sumaku, nimehesabu dakika nzima, nimeiondoa, nimempa Shangazi aifungie kabatini na ufunguo anao yeye. Naye amehesabu, kapata mia na nne. Nimemwachia.

Spika saba zilizobaki nimezirudisha ukumbini na mafua yao. Nimewaambia watafute mtu mwingine. Mashine haiko chini ya turubai. Nimeikata koili yake kwa msumeno, mbele ya Shangazi, na vipande viko kwenye ndoo ile anayosema aliikalia siku ya themanini na tano. Nilipomaliza nilikaa nikaiangalia meza tupu, na mwanangu, bado naogopa. Naamka asubuhi nashika mshipa kabla ya kushika taa. Nimeona nikuambie.

Barua yako ya Jumatano inasema hujambo, kazi nyingi, nisitie shaka. Niliisoma mara mbili. Ulipokuwa umenishika kidole mle ndani, kabla dawa haijanichukua, mapigo ya mkono wako yalikuwa yananigonga mguuni kama ile mashine. Nilihesabu. Niliishia mia na thelathini na sita, nikalala.

Kwa hiyo keti kwenye kiti, shika mshipa wako, tazama saa, dakika nzima. Niandikie namba. Usiniandikie hujambo.

Baba yako